Baiskeli Kwenye Njia ya Waendao kwa Miguu: Mwongozo Kamili kwa Waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Mchuuzi anayetoka Feri asubuhi na tenga la samaki kwenye keria, kijana anayepeleka madumu ya maji kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde, mkulima anayepeleka korosho ghalani na mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza wana jambo moja linalowaunganisha: sehemu kubwa ya safari yao haipiti katika barabara ya magari, bali katika njia za miguu, vichochoro na kandokando ya lami, ambako wengi wanaopita wanatembea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Bodaboda na magari yanahitaji maelezo yao peke yake, ingawa nitayataja pale ambapo mwendesha baiskeli anaweza kujifunza kutokana na namna yanavyomtendea yeye.

Msimamo ninaouchukua tangu mwanzo ni kwamba njia ya miguu ni ya anayetembea, na mwenye baiskeli amepewa ruhusa ya kupita. Sisemi hivyo kwa sababu ya adabu tu. Chukua mwendeshaji wa kilo 60 aliyepanda baiskeli ya chuma ya kilo 20 na kubeba gunia la korosho la kilo 80. Hapo zinakwenda kilo 160 kwa kasi ambayo ni mara tatu ya ile ya bibi anayetembea mbele yake. Wakigongana, bibi hana alichokileta katika ajali hiyo ila mwili wake. Uzito ni wa mwendeshaji na kasi pia ni yake, kwa hiyo wajibu wa kuzuia ajali unamwangukia yeye kwanza. Uingereza waliliandika wazo hili katika kanuni zao za barabarani zilizoanza kutumika Januari 2022, kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kumlinda mwingine. Hapa kwetu hatuna haja ya kusubiri andiko la namna hiyo ili tujue kwamba aliyepanda humpisha aliye chini.

Upande wa sheria, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwachi mwendesha baiskeli nje. Akiwa barabarani hupita kushoto, hutii taa na alama, na husimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu kama anavyosimama dereva. Lakini katika vichochoro vya Mikindani au njia ya mchanga inayokatiza mikorosho hakuna trafiki wala alama, na huko ndiko hatua zinazofuata zinahitajika zaidi.

Hatua ya kwanza: kagua baiskeli kabla ya kutoka nyumbani

Anza na breki. Simama kando ya baiskeli, isukume hatua chache, kisha ubane breki ya mbele peke yake: gurudumu la mbele linapaswa kukataa kuzunguka papo hapo na baiskeli kuinama mbele kidogo. Rudia kwa breki ya nyuma, ambapo gurudumu la nyuma linapaswa kukwama na kuburutika. Ikiwa unabana hadi mkono wa breki unagusa usukani na gurudumu bado linazunguka, mipira ya breki imelika au vyuma vyake vimelegea, na fundi wa pale kona anaweza kuvikaza kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya tabia moja tunayoijua sote. Baiskeli nyingi za aina ya Phoenix zinazotembea huku kwetu zimeng'olewa breki ya mbele, na nyingine hazina breki kabisa. Mwendeshaji husimamisha kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi. Kandambili hupunguza mwendo iwapo njia ni tambarare na mbele yako hakuna mtu. Mtoto akichomoka kati ya nyumba mbili, ule muda wa kuutoa mguu kwenye pedeli, kuutafutia tairi na kuukandamiza ndio muda ambao mtoto anaanguka. Isitoshe, mguu mmoja ukiwa juu ya tairi, baiskeli yenye mzigo huyumba, na pengine mwendeshaji huangukia yule yule aliyekuwa anajaribu kumkwepa. Baiskeli isiyo na breki haifai kuingia katika njia yenye watu, na anayetaka kuitumia huko aikokote.

Baada ya breki, angalia kengele kama inalia, usukani kama umenyooka na haulegei, tairi kama zina upepo wa kutosha, na cheni kama haichomoki. Cheni inayochomoka ni hatari kwa sababu mwendeshaji huinamisha kichwa kuitazama, na kwa sekunde mbili au tatu baiskeli inakwenda bila macho.

Hatua ya pili: funga mzigo ukiwafikiria watakaopita kando yako

Wengi wetu hufunga mzigo tukifikiria kitu kimoja tu, yaani usianguke. Hilo ni sahihi lakini halitoshi. Usukani wa kawaida una upana wa sentimita 60 hivi, na mwendeshaji huizoea nafasi hiyo hadi mwili wake unaijua bila kufikiri. Akining'iniza madumu ya lita 20 pande zote mbili, upana wake unafika sentimita 80 au 90, lakini macho yake bado yanapima kwa usukani. Ndiyo maana majeraha mengi ya njiani hayatokani na gurudumu, bali na dumu linalompiga mtu nyongani, ncha ya kuni inayochana kanga, au ukingo wa tenga unaokwaruza mkono. Kabla ya kuondoka, simama nyuma ya baiskeli yako, uitazame kama mtu atakayepishana nayo, na ukishapanda ukumbuke kwamba upana wako ni ule ulioutazama.

Mizigo mirefu inahitaji uangalifu wa pekee. Fito, mianzi au mabomba yanayotokeza mita moja na nusu nyuma ya gurudumu hufanya jambo ambalo mwendeshaji halioni: akikata kushoto kwa ghafla, mkia wa mzigo hufagia kulia. Mtu aliyekwisha kupitwa salama anaweza kupigwa mgongoni na mkia huo. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha, kata kona kwa upana, na kwenye uchochoro wenye watu ushuke. Mabati nayo yasibebwe kwenye njia ya watu bila kukunjwa na kufunikwa kingo zake kwa gunia, kwa kuwa ukingo wa bati hukata mwili bila mwenyewe kuhisi mpaka aione damu.

Kwa kufungia, vipande vya tyubu kuukuu bado havijapata mpinzani, ilimradi usiache ncha zikining'inia karibu na spoku.

Hatua ya tatu: chagua mwendo kwa kutazama watu, si kwa kutazama saa

Kilomita 15 kwa saa ni mwendo wa kawaida wa mwendesha baiskeli asiye na haraka. Kwa mwendo huo baiskeli inakata zaidi kidogo ya mita 4 kila sekunde. Tangu jicho lione hatari hadi mkono ubane breki hupita sekunde moja hivi, na breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 3 kuisimamisha baiskeli, kwa hiyo jumla ni takriban mita 7. Ukiongeza hadi kilomita 20 kwa saa, jumla inakaribia mita 11. Ukipunguza hadi kilomita 10, inashuka hadi mita 4. Hesabu hizi ni za breki nzuri na njia kavu. Kwenye mchanga tairi hutereza, na mzigo mzito huongeza umbali wa kusimama kwa kiasi ambacho ni busara kukihesabu kuwa mara mbili.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni moja rahisi: umbali unaouona mbele yako bila kizuizi ndio unaokupangia mwendo. Katika vichochoro vya Mikindani, ambako kuta za nyumba za zamani zinafika hadi ukingo wa njia na milango inafunguka moja kwa moja kwenye uchochoro, mara nyingi huoni zaidi ya mita 5 kabla ya kona. Hapo, kwa baiskeli yenye mzigo, hata kilomita 10 kwa saa ni nyingi. Asiye na kifaa cha kupimia mwendo atumie kipimo hiki: mtu anayekimbia polepole kwa mazoezi huenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Ikiwa mtu huyo angekupita, mwendo wako unafaa kwa njia yenye watu. Ikiwa ungemwacha nyuma, punguza.

Yupo atakayesema kwamba baiskeli yenye mzigo ikienda polepole mno huyumba na kuwa hatari zaidi. Ni kweli, na jibu lake ni kushuka. Mwendo ambao hauwezi kuushikilia ukiwa juu ya tandiko ni ishara kwamba mahali hapo si pa kupandia.

Hatua ya nne: toa taarifa mapema, kwa namna isiyomshtua mtu

Hapa nitasimulia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napita uchochoro mmoja wa Mikindani nikiwa na madumu mawili ya maji, na mbele yangu akatembea bibi mmoja aliyejifunika kanga, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Uchochoro ulikuwa mwembamba, nami niliona kulia kwake pana nafasi ya kunitosha. Nikasubiri hadi nikamkaribia, mita tatu hivi, ndipo nikapiga kengele kwa nguvu. Bibi alishtuka, akaruka kulia, yaani pale pale nilipokuwa napeleka gurudumu. Dumu lilimpiga kiunoni, sahani ikaenda chini, na mihogo ikatawanyika mchangani. Hakuvunjika kitu, kwa neema ya Mungu. Majirani walipojaa na kila mmoja akawa na la kusema, yeye alisema maneno machache tu: "Mwanangu, mimi nilikuwa natembea."

Nilikuwa na kengele nzima na niliipiga. Kwa hesabu ya wengi nilikuwa nimetimiza wajibu. Lakini kengele ikipigwa karibu mno humnyima mtu nafasi ya kufikiri. Masikio yanamwambia kuna kitu nyuma, hayamwambii kiko upande gani, na mwili unaruka popote. Kwa hiyo kengele ipigwe kwa umbali wa mita 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa upole, kisha mwendeshaji atazame. Aliyesikia hugeuza kichwa, au husogea, au huinua mkono. Asipofanya lolote, chukulia kwamba hajasikia, na usipige tena kwa hasira. Punguza mwendo hadi uweze kusema naye.

Sauti ya mtu ni bora kuliko kengele katika njia nyembamba, kwa sababu inabeba maelezo. "Samahani mama, napita kulia kwako" inampa anayetembea kila kitu anachohitaji: kwamba kuna mtu, kwamba amemwona, na upande wa kuachia. Kwa mzee, maneno yaanze na shikamoo. Wapo wanaoona ni kupoteza muda, lakini shikamoo inayotolewa mita 10 nyuma hufanya kazi ya kengele na adabu kwa pamoja, na mzee anayeitikia marahaba amekwisha kujua mahali ulipo. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lao la kazi hii, simile, ambalo mbeba mzigo alilitamka akiwa bado mbali ili watu wapate wasaa wa kumpisha. Bado linasikika pale mizigo inapopita, na ningependa lirudi kwenye midomo ya waendesha baiskeli.

Kengele ni taarifa. Si amri, wala si hati ya kumiliki njia. Sisi wenyewe hulalamika bodaboda anapotupigia honi mgongoni ili tuteremke kwenye lami kumpisha, kisha dakika tano baadaye tunamfanyia hayo hayo anayetembea.

Hatua ya tano: mpite mtu kana kwamba atabadili uamuzi

Kabla ya kupita, pima nafasi. Tuseme njia ina upana wa mita moja na nusu. Baiskeli yenye madumu pande mbili inachukua sentimita 90, na mtu mzima anayetembea huku akitikisa mikono anachukua 60. Hesabu imekwisha hapo, hakuna hata sentimita moja ya salama, na hakuna ustadi wa usukani unaoweza kuiongeza. Katika njia kama hiyo hakuna kumpita mtu. Kuna kusubiri mahali panapopanuka, au kuomba njia na kusimama hadi aliye mbele asogee kwa hiari yake. Nafasi ikipatikana, acha angalau mita moja kati ya ukingo wa mzigo wako na mwili wake, yaani mkono ulionyooshwa na kitu kidogo juu yake.

Watu hawafanani, na anayewatazama vizuri hujua mapema nani atafanya nini. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani ni mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini. Shingo yake imekaza, macho yanatazama mbele, na mkono mmoja pengine umeishika ndoo. Hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza mwili mzima, na akigeuka ghafla maji yanamwagika au ndoo inamtoka. Kumpigia kengele ili ageuke ni kumdai kitu asichoweza kukitoa. Mfuate taratibu, mwambie kwa sauti ya kawaida unapita upande gani, subiri akujibu kwa neno, halafu umpite kwa mwendo unaokaribiana na wake, ukitazama miguu yake na si ndoo, kwa sababu mguu ndio unaotangulia kuonyesha atayumbia wapi.

Watoto ni jambo jingine kabisa. Mtoto mmoja upande wa kushoto wa njia na mwenzake upande wa kulia ni onyo tosha kwamba mmoja wao atavuka, na atavuka utakapokuwa umefika. Wanafunzi wanaotoka shule wakiwa kundi husukumana, hurudi nyuma kufuata kandambili, hukimbiza mpira wa makaratasi. Hakuna kengele inayoyadhibiti hayo. Shuka, au kaa nyuma yao hadi njia igawanyike. Mzee mwenye mkongojo apewe upande wote wa mkongojo wake, na mwenye fimbo nyeupe aelezwe kwa sauti, kwa kuwa baiskeli haina mlio na yeye anaijua dunia kwa masikio. Kwa upande mwingine, asiyeitika kengele wala sauti huenda ni kiziwi, na matusi anayorushiwa na mwendeshaji mwenye haraka ni dhuluma ambayo hata haisikii.

Mbuzi nao wapo, na kamba ya mbuzi aliyefungwa kando ya njia huwa haionekani hadi imekaza. Mbuzi akiwa upande mmoja na kigingi upande wa pili, usipite katikati.

Hatua ya sita: mnapokutana uso kwa uso kandokando ya lami

Suala hili huzua ubishi mwingi kuliko yote, hasa kwenye barabara zinazotoka mjini Mtwara kuelekea Mikindani, au zile za Lindi ambako bega la barabara ni jembamba. Anayetembea hufundishwa kwamba, pasipo na njia ya miguu, atembee kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mwendesha baiskeli anatakiwa kupita kushoto kufuata mwelekeo wa magari. Matokeo yake ni kwamba wote wawili, kila mmoja akiwa sahihi kabisa, wanakutana uso kwa uso kwenye kipande kile kile cha bega la barabara.

Mwendeshaji ana njia tatu za kulimaliza. Ya kwanza ni kumlazimisha anayetembea ateremke kwenye nyasi au mtaroni, na hiyo ni makosa. Ya pili ni yeye kuingia kwenye lami ili amzunguke, jambo linalofaa tu ikiwa amegeuka kutazama nyuma na kuona barabara ni tupu. Kuingia kwa kubahatisha huku lori linakuja kumeua watu. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza nyakati nyingi, ni kusimama. Weka mguu mmoja chini, egemeza baiskeli kushoto kabisa, mwache apite, kisha uendelee. Inagharimu sekunde tano au sita. Anayetembea akiona umesimama, mara nyingi yeye mwenyewe husogea na kukuonyesha kwa mkono upite, na hapo unapita kwa ridhaa yake.

Kupita upande wa kulia wa barabara ili kukwepa kuzunguka ni kosa la sheria na pia humfanya anayetembea apate baiskeli inayotokea mgongoni mahali alipotarajia kuona kila kitu kinachomjia.

Hatua ya saba: jua mahali pa kushuka kabla hujafika

Mtu anayekokota baiskeli ni mtembea kwa miguu mwenye mzigo, na watu humpokea hivyo. Mahali pa kufanya hivyo panajulikana mapema: sokoni asubuhi, gatini kwenye kivuko cha Msangamkuu abiria wanapoteremka, nje ya misikiti Ijumaa mchana na makanisani Jumapili, malango ya shule kengele ya kutoka inapolia, na maghala ya vyama vya ushirika katika msimu wa korosho unaoanza mnamo Oktoba, ambapo watu, magunia na mizani hushindania kiwanja kimoja. Gatini kuna sababu ya ziada, kwani abiria wanaoshuka wanatazama miguu yao ili wasiteleze, hawatazami kama kuna baiskeli.

Unapokokota, kaa upande wa kushoto wa baiskeli. Pedeli ya upande wa nje ndiyo inayokwaruza miundi ya watu kwenye msongamano; izungushe hadi iwe juu.

Msafara wa maziko ukipita, huulizwi unawahi wapi. Unashuka, unasimama kando, unanyamaza hadi jeneza lipite. Waislamu na Wakristo wa mikoa hii wote wanalijua hilo, nami nalitaja kwa ajili ya vijana wenye vifaa vya kusikilizia muziki masikioni, ambao wakati mwingine huwa wa mwisho kugundua wamo katikati ya nini.

Ukishafika unakokwenda, egesha baiskeli nje kabisa ya njia. Keria iliyotokeza uchochoroni ni mtego kwa anayepita gizani.

Hatua ya nane: giza na mvua

Katika mji wa Mtwara jua huzama mnamo saa 12 na dakika chache jioni mwezi Juni, na karibu saa 12 na nusu mwezi Desemba. Giza letu huingia haraka; nusu saa baadaye njia isiyo na taa haionekani. Kuwa na taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma, na rifleksi kwenye pedeli. Tochi ya simu iliyoshikwa mdomoni si taa, na mkono mmoja ulioshika simu ni breki moja iliyopotea. Taa ya mbele iinamishwe imulike ardhi mita kadhaa mbele, kwa sababu ikielekezwa kwenye uso wa anayetembea humpofusha, naye akipofuka hawezi kukupisha.

Mvua za kusini, zinazoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hubadili kila hesabu iliyotolewa hapo juu. Rimu za chuma zilizopakwa kromu zikilowa, mipira ya breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Bana kidogo kidogo mapema ili ukaushe rimu kabla hujahitaji kusimama kweli. Tena, kila dimbwi lina watu wawili wanaolikwepa: anayetembea huhamia sehemu kavu, na wewe unaitaka sehemu hiyo hiyo. Muachie. Wewe upite dimbwini polepole, bila kumrushia tope aliyevaa nguo za kazini.

Hatua ya tisa: ikitokea umemgonga mtu

Simama. Usiondoke hata kama mwenyewe anasema hajaumia, kwa kuwa mshtuko huficha maumivu. Iweke baiskeli kando isije ikamkwaza mwingine, kisha umuulize jina, anaumia wapi, na kama anaweza kuusogeza mkono na mguu. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha bila kukiondoa kila mara ili kutazama. Aliyeangukia kichwa, hata akiwa anaongea, asiachwe peke yake: akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akilalamika kichwa kinazidi kuuma, apelekwe hospitali bila kuchelewa, iwe Ligula kwa walio Mtwara mjini au Sokoine kwa walio Lindi mjini. Akilalamika shingo au mgongo, asiinuliwe wala kukalishwa na watu wenye huruma bila utaalamu. Alazwe pale pale, msaada uitwe. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Aliyejeruhiwa katika ajali huhitaji fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Iwapo hali yake ni mbaya, mtu mmoja ampeleke hospitali na mwingine afuate fomu kituoni, ili matibabu yasisubiri karatasi. Mweleze askari kilichotokea kama kilivyotokea, pamoja na mwendo uliokuwa nao na mzigo uliobeba.

Kwa ajali ndogo, mila zetu zina utaratibu wake: kuomba radhi mbele ya watu waliopo, kulipa kilichoharibika siku hiyo hiyo, na kurudi kumjulia hali. Mimi nilirudi kwa yule bibi siku ya tatu na fungu la mihogo, akanikuta nimeegesha baiskeli mbali na mlango wake, akacheka. Maumivu ya kiuno yalikuwa bado yapo, na ndipo nilipojua kwamba "sijaumia" ya siku ya kwanza haikuwa jibu la kutosha. Siku hiyo ya tatu nilimpeleka zahanati.

Baiskeli iliyogonga isipandwe tena hadi fundi aitazame, hata kama inaonekana nzima. Azungushe gurudumu la mbele aone kama rimu imepinda na kugusa mpira wa breki upande mmoja, na akague uma wa mbele pale unapoungana na shingo ya usukani, kwa sababu ufa mdogo mahali hapo haukatiki siku ya ajali. Hukatika wiki mbili baadaye, kwenye mteremko, mbele ya watu wengine.